Mteja wa Nzega

Kituo kidogo cha redio nilichokuwa nikikiandikia matangazo na taarifa za misiba kilipopunguza wafanyakazi, nami nilikuwemo. Nilirudi chumbani kwangu Ipuli, mjini Tabora, na kompyuta ya mkononi na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Kuandika nilikuwa naweza. Nilichoshindwa ni kumtazama mtu usoni na kumwambia kwamba naandika, anipe kazi, na anilipe.

Dada yangu ni fundi cherehani mtaa wa Ng'ambo. Wateja wake huja wenyewe na vitambaa vyao mkononi, kwa hiyo hakulielewa tatizo langu. Aliniambia nipite duka kwa duka. Asubuhi ya kwanza niliingia duka la vifaa vya ujenzi nikiwa nimeyakariri maneno yote: kwamba naweza kuwaandikia matangazo, barua, maelezo ya bidhaa zao. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani, akaniuliza nahitaji nini. Nikanunua kufuli. Duka lililofuata nikanunua sabuni. La tatu sikuingia kabisa; nilisimama upande wa pili wa barabara nikijifanya naongea na simu.

Dada alipoliona lile kufuli alicheka mpaka akaegemea mashine. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka.

"Basi andika," akasema. "Si ndiyo kazi yako? Andika unachofanya, mimi nitabandika hapa mlangoni."

Nikaandika kwamba naandika maisha ya watu: wasifu wa marehemu, historia za familia, hotuba za harusi. Chini nikaweka namba yangu. Nilidhani nimepona, kumbe nilikuwa nimejiletea hofu nyingine. Kila namba ngeni iliponipigia, nilitoka nje kwanza ndipo nipokee. Wengi walikuwa wamekosea namba. Mmoja alitaka kujua kama naandika pia barua za mapenzi, akakata kabla sijajibu.

Kisha akapiga mwanamume mwenye sauti nzito, anayesita sana kati ya neno na neno.

"Wewe ndiye unayeandika maisha ya watu?"

Nikasema ndimi.

"Na wale ambao hawajafa?"

Nikamwambia hata hao naandika, ingawa sikuwahi kumwandika hata mmoja. Akaniambia yuko Nzega. Alikuja Tabora kupimwa hospitali, akapita kwa fundi kupunguza suruali, akaliona tangazo. Alitaka niende kwake, na nisimwambie mtu ninakwenda kuonana na nani. Nilipomuuliza ni kazi gani hasa, akasema kwenye simu haisemeki.

Dada aliposikia akasema siendi. Baadaye akamkumbuka: mtu mzima, mrefu, aliyesimama mbele ya lile tangazo kwa muda mrefu kama mtu asiyejua kusoma, na huku mfukoni ana kalamu mbili. Hilo halikututuliza. Lakini nilijua nikiikataa safari hii, sitakwenda kwa mtu mwingine yeyote tena, nitarudi kununua sabuni. Tukakubaliana kwamba nikifika nimpigie, na nikitoka nimpigie, na nikinyamaza sana atakwenda polisi.

Ndani ya basi sikusinzia. Niliyatazama mashamba yakipita nikitunga kichwani taarifa yangu mwenyewe ya msiba, jinsi ambavyo ningeiandika enzi za redio, na nani angeisoma.

Alikuwa akinisubiri stendi, amevaa koti katika joto lile. Nikampa shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, binti," akanifungulia mlango wa gari. Aliendesha mwenyewe gari lake la mizigo. Nyumba ilikuwa nyuma ya ghala lake la pamba. Tulipoingia alifunga geti, akasukuma komeo. Nadhani nililitazama lile komeo kwa namna fulani, maana alirudi akalifungua, akaliacha geti wazi nusu. Akaomba radhi. Alisema alikuwa amefunga ili watoto wake wasije wakatukuta tukiongea. Nikampigia dada kwamba nimefika, kisha tukakaa barazani, mahali ambapo niliweza kuwaona wapita njia.

Hapo ndipo nikagundua kwamba yeye alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Alikuwa anatakiwa kwenda Mwanza kufanyiwa upasuaji, na daktari hakumficha kwamba ni upasuaji wa hatari. Watoto wake watatu, watu wazima wote, waliamini kwamba baba yao ni mzaliwa wa vijiji vya Nzega. Hakuwa hivyo. Alizaliwa Burundi. Alivuka mpaka akiwa mtoto, na mama yake na kaka yake, watu wakikimbia vita. Kaka aliugua njiani wakamzika kando ya mto. Yeye na mama wakafika Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, wakapewa shamba. Alipopata ujana akaondoka na lori la pamba kama utingo, akajifunza Kisukuma na Kinyamwezi mpaka hakuna aliyemuuliza tena ametoka wapi. Mama yake alipofariki alikwenda kumzika peke yake, akarudi, akasema alikuwa kwenye biashara. Mkewe alijua. Naye sasa alikuwa marehemu.

"Nimejaribu kuwaambia tukiwa mezani," alisema. "Mdomo unajifunga. Mwanangu mkubwa akianza kuwasema wakimbizi, mimi nakata nyama, nanyamaza."

Alitaka niandike. Kisha alitaka nije niwasomee, yeye akiwepo. Nikamwambia mimi ni mwandishi tu, kusoma mbele ya watu siwezi, anitafutie mtu mwingine wa kusoma, labda padri.

"Mimi naogopa kufa kabla hawajajua," akasema. "Wewe unaogopa nini?"

Nikatoa daftari, nikamwomba aanze tena tangu mwanzo.

Nilikwenda Nzega mara kadhaa, na siku nyingine nikaandikia dukani kwa dada, kati ya kelele za cherehani. Jina la kaka yake alikataa kunitajia. Alibadili mazungumzo kila nilipouliza, nikaacha. Kadiri kazi ilivyosogea, ndivyo nilivyozidi kuogopa. Tangazo la sabuni likiwa baya, sabuni haiuziki. Haya yalikuwa maneno ambayo yangeweza kumwacha mzee bila watoto siku chache kabla hajalala kwenye meza ya upasuaji, na yangekuwa yametoka kinywani mwangu.

Tulisoma Jumapili mchana, baada ya misa na chakula. Aliwaambia kwamba mimi ni mwandishi na kwamba wanisikilize. Nikaziweka karatasi juu ya meza. Nikaanza na mahali alipozaliwa. Nilipofika kwenye mpaka, kijana mkubwa akasimama.

"Dada, nani amekutuma kusema haya nyumbani kwetu?"

Nikamtazama mzee. Alikuwa anatazama sakafu. Kwa muda huo niliamini kabisa kwamba atanikana, kwamba atasema hanijui, nami nitatolewa nje ya lile geti kama tapeli. Niliwaza basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

"Baba yako," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mno. "Naomba niendelee."

Hakukaa, lakini hakutoka. Nikasoma kurasa zote zilizobaki akiwa amesimama kando yangu, nikiona viatu vyake pembeni ya meza. Nilimaliza, nikazikunja karatasi. Kisha bintiye mdogo akamuuliza baba yake yule kaka aliyezikwa kando ya mto alikuwa anaitwa nani.

Midomo ya mzee ikacheza bila sauti. Nilidhani mdomo umejifunga tena. Halafu akalitaja jina. Akalirudia, na nyuma yake akasema maneno mengine kwa Kirundi, lugha ambayo mle ndani hakuna aliyeielewa ila yeye. Binti akaenda kukaa karibu na magoti yake. Kijana mkubwa akachukua funguo na kutoka, tukasikia gari likiondoka. Mzee hakumzuia.

Nilirudi Tabora nikiwa na hakika kwamba nimeivunja familia ya watu. Nikamwambia dada alibandue lile tangazo. Akasema cherehani imejaa kazi, atalibandua akipata nafasi, na hakulibandua. Siku ya upasuaji nilishinda dukani kwa dada, simu mkononi. Jioni yule binti mdogo akaniandikia kwamba baba ametoka salama, hajazungumza bado, na kaka yao mkubwa ndiye anayelala naye wodini, amekataa kupokewa zamu.

Wiki chache baadaye kijana mwenyewe akanipigia. Nilipoiona namba niliiacha simu iite mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Niliipokea nikijiandaa kutukanwa. Hakunitukana, na wala hakuomba radhi. Alisema baba hawezi kusafiri bado, lakini amemwelekeza kaburi la bibi lilipo, na yeye anataka kwenda Ulyankulu kulitafuta. Alitaka niende naye niyaandike nitakayoyaona na watakayoyasema wanaomkumbuka bibi yake, baba yake asomewe.

Nikamwambia masharti yangu ya kazi na ya malipo, nikisubiri aseme ni mengi. Akasema sawa.

Tulipita Urambo, njia ya magharibi iliyokuwa ikipitiwa na misafara ya zamani ya pembe za ndovu. Ulyankulu tulielekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa jirani wa marehemu. Alitoka nje na rozari shingoni, akamtazama yule kijana usoni kwa muda, kisha akamshika mikono yote miwili na kumsalimu kwa Kirundi, maneno mengi, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatika jana.

Hakujua kuitikia. Mtu mzima yule, aliyezoea kuwaamuru madereva wa baba yake, alibaki ameshikwa mikono, kijasho kinamtoka, akinigeukia mimi nimsaidie. Nami sikujua zaidi yake. Nikampa bibi shikamoo kwa Kiswahili. Bibi akacheka, akaitikia, akatushika mikono sote wawili na kutuongoza nyuma ya nyumba, kwenye makaburi.