Masikio ya Chá

Mnaomsema Chá, jirani yangu, nyamazeni kwanza. Miaka ishirini amebeba abiria kwa pikipiki kati ya miji yetu ya milimani, Mèo Vạc na Đồng Văn, na hakuna aliyemshinda kwa gia. Mlima ukianza, keshashusha hadi ya pili kabla injini haijalalamika. Njia ikinyooka, ya tatu, ya nne. Alisikiliza tu.

Halafu masikio yakafa. Tuliojua ni mimi na Mỷ, mkewe. Abiria akisema neno, Chá alicheka na kuitikia kwa kichwa, huku akihesabu gia kwa unyayo. Siku za soko Mỷ alikaa nyuma akawa masikio yake: pigo moja mgongoni, panda gia, mawili, shusha.

"Mnajifanya wajanja," niliwaambia. "Iko siku mtaumbuka."

"Basi tupe kazi nyingine, jirani," Mỷ akanijibu. "Au tule mawe? Maana hayo tunayo."

Nikacheka. Hata leo nakijutia kicheko kile.

Jumapili ile Mỷ alikuwa amevuna mahindi siku tatu mfululizo. Wakitoka sokoni usingizi ukamchukua, shavu mgongoni kwa mumewe. Chá yupo gia ya nne, anadhani ni ya tatu. Akakanyaga. Pikipiki zetu hizi kuukuu gia zake huzunguka: ukiipita ya nne unaangukia nyutro, kisha ya kwanza. Injini ikanguruma bure, hata mtoto angesikia. Chá aliona tu mwendo umelegea, akakanyaga tena.

Gia ya kwanza, mwendo wa sitini. Gurudumu la nyuma likagoma, Mỷ akarushwa kwenye ukingo wa mawe. Chá alichubuka viwiko tu.

Mỷ hatatembea tena, daktari kasema. Chá ameuza pikipiki; anampikia, anamwosha, anamgeuza. Sina la kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jana nilikuwa napandisha maji kutoka bondeni, sauti ya Mỷ akimwita mumewe ikanifikia tangu chini: "Baba Dính, naomba maji." Akaita mara saba. Kisha akalia, kisha akanyamaza. Nilipofika, Chá alikuwa amekaa kizingitini, amempa mgongo, anapukuchua mahindi.

Akaniinulia uso, akatabasamu.

"Pita polepole, jirani," akasema. "Mama Dính leo kalala vizuri, hajaniita hata mara moja."