Bhoke, Mwalimu wa Upande wa Pili

Kwa miaka mingi Bhoke Motari alifundisha Kiingereza katika shule moja ya upili karibu na Kegonga bila kuajiriwa na serikali. Alikuwa mwalimu wa BOM, yaani wale ambao shule yenyewe huwalipa kutoka kwa karo, na wazazi wakichelewa kulipa, nao hungoja. Digrii alikuwa nayo, namba ya TSC, tume inayoajiri walimu, alikuwa nayo, na kila tangazo la kazi lilipotoka alituma maombi. Walioitwa walikuwa wengine. Aliishi bomani kwa baba yake pamoja na binti yake, Edith, na asubuhi kabla ya kwenda shuleni alisaidia kuchuma tumbaku. Ndiyo maana mara nyingi aliingia darasani vidole vimeshika ile gundi nyeusi ya majani isiyotoka kwa sabuni, akawa anashika chaki kwa ncha za kucha ili wanafunzi wasione.

Bhoke alimjua Dishon kupitia mwalimu mwenzake. Alikuwa mtu wa Rodi Kopany, mwalimu wa zamani aliyeacha darasa akafungua ofisi juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia walimu nafasi Tanzania. Bhoke alitarajia kukutana na mtu wa maneno mengi. Akamkuta mwanamume mpole, mwenye sauti ya chini, aliyemwekea kiti na kumuuliza habari za nyumbani kabla ya kusema lolote la kazi.

"Shule za mchepuo wa Kiingereza huko zinataka sana Wakenya," Dishon alisema. "Na wewe madam ni Mkuria. Ukishavuka Isebania hapo, uko kwenu tu."

"Na kibali cha kazi?"

"Hiyo ni kazi ya shule. Mwajiri ndiye anaomba, si mwalimu. Ndiyo sheria yao."

Hilo lilikuwa kweli. Ambalo Dishon hakulisema ni kwamba mwajiri hana budi kwanza kuonyesha kuwa amemkosa Mtanzania wa kufanya kazi hiyo, kisha alipie kibali cha kila mgeni, na kwamba shule ndogo nyingi hazijisumbui. Huenda aliona si lake kulisema. Yeye alichukua mshahara wa mwezi wa kwanza wa kila mwalimu, na kwake habari iliishia hapo.

Siku hiyo hiyo ofisini alikuwepo mwalimu mwingine, Irine, Mjaluo wa kutoka Rangwe. Alifundisha hesabu na sayansi. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na kabla hawajashuka ngazi alikuwa ameanza kumwita Bhoke nyaminwa, dada yetu, kana kwamba wametoka nyumba moja. Bhoke alimwacha Edith kwa babu yake, nao wakavuka mpaka pamoja Januari ile, wakapewa chumba kimoja nyuma ya bweni la wasichana katika shule ya Nyota Njema, wilayani Tarime.

Mwenye shule, mzee Elkanah, aliwapokea vizuri. Kuhusu vibali alisema vinashughulikiwa. Mwezi wa tatu alisema hivyo, na wa tano pia. Wakati huo wote waliishi kwa pasi za wageni, wakirudi mpakani kila mara kugongewa muhuri kama watu waliokwenda kutembelea ndugu.

Ufundishaji wenyewe Bhoke aliupenda. Watoto walikuja darasani na vitabu, na mshahara, ingawa mdogo, ulifika. Jumapili alikwenda kwa shangazi yake, dada ya baba, aliyeolewa upande huo tangu ujana wake. Pale waliongea Kikuria kile kile, walikula kile kile, na hakuna aliyemwita mgeni. Kwa Irine mambo yalikuwa tofauti. Wanafunzi walicheka Kiswahili chake. Akisema "niko na swali" wao wanasema "nina swali". Akisema "enda ulete daftari" darasa zima linajibu kwa sauti ya kuimba, "Nenda kalete, mwalimu." Naye alicheka nao. Lakini usiku, taa ikishazimwa, alikuwa akijaribu maneno hayo peke yake kwa kunong'ona.

Kilichomchoma Bhoke ni kujificha. Gari la serikali lilipoonekana barabarani, mlinzi alimtuma mpishi, mpishi akapita madirishani, na walimu wa Kenya wakatoka mmoja mmoja kwenda kujifungia kwenye stoo ya kuni. Wanafunzi walishalizoea jambo hilo. Walifungua vitabu na kusoma kimya bila kuambiwa, na mwalimu aliporudi na vumbi la magome kwenye sketi, hakuna aliyeuliza. Bhoke alisema angevumilia njaa kuliko ule ukimya wa watoto.

Humo stooni ndimo walimokubaliana. Wakikamatwa kwa ghafla, Bhoke atajitaja kuwa mtu wa kwa shangazi yake. Irine atasema ni Mjaluo wa Shirati, upande huu huu wa mpaka. Kila mmoja atathibitisha maneno ya mwenzake.

Maafisa wa Uhamiaji walikuja mwezi wa nane. Safari hii waliacha gari mbali, wakaja kwa miguu. Bhoke alikuwa kwenye korido akielekea darasa la sita alipomkuta mmoja wao amesimama mbele yake, mtu mzima, miwani mfukoni. Alimsalimia kwa Kiswahili, akasikiliza jibu, halafu akageuza lugha. Alimuuliza kwa Kikuria yeye ni mtoto wa nani.

Bhoke alijibu kwa Kikuria. Alitaja boma la mume wa shangazi, akataja ukoo, akasema habari za ng'ombe walioibwa kijijini mwezi uliopita. Uso wa afisa ukalegea. Alimfahamu mume wa shangazi. Alisema amwambie mzee yule kwamba anamsalimu.

Kisha akaelekeza kidole mlangoni, alipokuwa amesimama Irine na chaki mkononi. "Na huyu mwenzako? Naye ni wa hapa?"

Lilikuwa neno moja tu, Shirati. Bhoke alilifikiria. Aliona pia kwamba afisa huyu akimshika Irine kwa uongo, atarudi kwake, atamuuliza upya lile boma, na mzee wa watu ataitwa kituoni. Akilini alimwona Edith na sare mpya ya shule aliyoinunua kwa mshahara huu.

"Simfahamu vizuri," alisema. "Tumekutana hapa kazini."

Alisema kwa Kiswahili, na Irine alisikia.

Afisa akamgeukia Irine. Irine alisema ni mzaliwa wa Shirati, na alisema vizuri. Lakini mtoto mmoja alikuwa ameinuka kuchungulia, naye Irine bila kufikiri akamwambia, "Enda ukae."

"Shirati gani hiyo wanakosema 'enda'?" afisa aliuliza, na hakuwa akicheka. Alimwambia achukue koti lake. Walipokuwa wakipita mbele ya Bhoke alisema, kama mtu anayetaka aeleweke, "Sisi hatuna chuki na Wakenya, mwalimu. Mwanangu mwenyewe amesomea ualimu, huu ni mwaka wa nne yuko nyumbani bila kazi. Mnataka nimwambie nini?"

Irine hakumtazama Bhoke. Alipangusa vumbi la chaki kwenye viganja vyake, akatoka.

Alikaa mahabusu mpaka kesi yake iliposikilizwa, kisha akasindikizwa hadi mpakani. Bhoke hakwenda kumwona. Alifunga nguo zake kwenye mfuko, akampa matroni wa bweni azipeleke, na ndani hakuweka barua kwa sababu hakujua aandike nini. Mzee Elkanah aliwaambia walimu kuwa shule inalishughulikia suala hilo, akamwomba Bhoke achukue vipindi vya hesabu vya Irine. Akavichukua. Ubaoni kulikuwa na swali la sehemu ambalo Irine hakulimaliza, na Bhoke, ambaye hesabu hazikuwa somo lake, alilifuta.

Ni Dishon aliyempigia simu kumweleza Irine alivyofika. Alikuwa amekwenda mwenyewe Isebania kumpokea, na chapati na soda.

"Huwa nakwenda," alisema. "Siwezi kuwaacha hapo mpakani kama mizigo. Mimi pia nilikuwa mwalimu. Na wewe tulia tu hapo, madam. Wewe uko salama."

Bhoke alimaliza mwaka, akarudi Kegonga, na hakuvuka tena. Shangazi aliuliza kwa nini, akasema baba ameanza kuzeeka.

Mwezi wa pili alifunga safari hadi Rangwe. Aliulizia njia sokoni, akafika nyumbani kwa kina Irine mchana. Alimkuta mama yake peke yake, akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Mama alipomtambua kwa jina aliinuka na kumshika mikono yote miwili.

"Bhoke? Yule Mkuria? Karibu, nyathina, mwanangu. Irine aliniambia juu yako."

"Alikuambia nini, mama?"

"Kwamba mlilala chumba kimoja, na wewe ndiye ulimtumia nguo zake kule kwa polisi. Mungu akubariki. Wengine hapo walimtoroka."

Bhoke aliketi. Aliuliza Irine yuko wapi. Amerudi Tanzania, mama alisema. Dishon alimpatia shule nyingine, mbali zaidi, huko Geita. Safari hii walimwambia kibali kitakuwepo. Mama alimpikia ugali na omena, akamsimamia mpaka amalize. Bhoke alikula chote. Alichokuwa amekuja kusema hakuweza kumwambia mtu mwingine, na kumsahihisha mama kungekuwa kumchongea Irine kwamba alimficha ukweli.

Aliondoka na namba ya simu. Aliipiga wiki ile ile. Irine alipokea, akafurahi au akajifanya amefurahi, akauliza habari za Edith. Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika, kimenyooka.

"Irine," Bhoke alisema, "ile siku pale korido."

Nyuma ya Irine watoto walikuwa wakisoma jedwali kwa pamoja.

"Sijui mimi ningesema nini," Irine alijibu. "Nimejiuliza, nikakosa jibu. Lakini usinipigie tena juu ya hiyo, nyaminwa. Nina kipindi."

Bhoke hajampigia tena. Shule yake ya zamani ilishachukua mwalimu mwingine wa BOM, kijana mwenye digrii kama yake. Sasa anafanya kazi ya tumbaku siku nzima, na jioni humsaidia Edith masomo. Mtoto akimletea hesabu za sehemu, humwambia amngoje mwalimu wake kesho.