Jumapili Tuliyofunika Runinga

Mama alihamia kwangu Kihonda baada ya presha ya macho kummalizia jicho la pili. Alishuka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi, godoro alilokataa kuliacha, na sharti moja: Jumapili jioni asisumbuliwe, ana shindano lake la kuimba. Alikuwa amelifuata msimu baada ya msimu tangu macho yakiwa mazima, na upofu haukumpunguzia kitu. Kuimba kunasikika. Na mtangazaji wa kipindi, Mungu ambariki, alikuwa na mdomo usiochoka: nani kavaa nini, nani analia, jaji gani kanuna. Mwishoni alisoma majina ya walionusurika, moja moja, akiyavuta mpaka watu waombe poo.

Sebule yangu ndogo ilikuwa inajaa. Wawili walikuwa hawakosi. Mmoja ni fundi simu wa kibanda cha jirani, anayeongea Kidar kuliko watu wa Dar wenyewe. Mwingine ni mzee wa Kinyamwezi aliyestaafu kiwanda cha sukari. Kwa utani wa makabila yetu alikuwa na ruhusa ya kumwambia Mama lolote, na Mama naye vilevile. Mama ndiye alikuwa jaji wetu. "Huyo pumzi imemkatikia kwenye kibwagizo, hafiki wiki ijayo," anasema, na mara nyingi hafiki kweli. Mzee akibisha, anaambiwa Wanyamwezi walibeba mizigo kichwani mpaka masikio yakaziba.

Mwaka huu wakatuletea msimu mpya. Mtangazaji kaondolewa. Jaji mkali kaondolewa, kaletwa kijana anayechomeka Kiingereza kila akifungua mdomo. Na matokeo hayasomwi tena: ngoma inapigwa, picha za washiriki zinajipanga kwenye kioo, ya anayetoka inageuka nyeusi, basi. Linaingia tangazo la sabuni.

Mtaa ulichachamaa. Kwenye cherehani yangu kila mteja alikuja na kitambaa na lalamiko. Fundi simu alimlilia jaji. Mzee alisema kipindi kimekuwa harusi isiyo na mshereheshaji. La matokeo hakuna aliyeligusa. Kwao ilikuwa raha zaidi, unajionea mwenyewe.

Jumapili ya kwanza ngoma ilipigwa, sebule nzima ikaruka: "Haiwezekani!" Mama akauliza, "Nani? Katoka nani?" Akauliza tena. Watu walikuwa wanabishana. Nilipomjibu, wenzake walikuwa wameshamaliza kushangaa, akabaki anashangaa peke yake. Mimi ni mwepesi wa hasira, na siku ile niliwafokea wote, hata mzee wa watu. Haikusaidia. Wiki iliyofuata nilikaa ubavuni pake nimsomee, lakini makelele yao yalifika kabla ya mdomo wangu.

Wiki ya tatu akasema kichwa kinamuuma, akaingia chumbani kabla ya matokeo. Nilimfuata. Nikamkuta kakaa wima juu ya godoro lake, haumwi chochote.

"Mama, kama kinakukera, tuwe tunazima tu."

"Tuzime?" Alinigeukia. "Mimi nimelifuata shindano hili kabla huyo fundi simu hajaota ndevu. Siondoki mimi. Watanisomea."

Sikujua ana mpango gani, na sikuuliza. Mama yangu akikaza sauti hivyo, unatafuta kazi ya kufanya.

Jumapili iliyofuata alitulia mpaka mshiriki wa mwisho akamaliza kuimba. Ilikuwa wiki ya roho juu, kwa sababu binti wa Dakawa, ambaye mkoa mzima tulimfanya wetu, alikuwa ameimba vibaya. Mama akasimama. Akapapasa ukuta mpaka kwenye runinga, akavua kanga ya mabegani, akaifunika yote.

"Bi mkubwa, vipi tena?" fundi simu akaruka. "Matokeo hayo yanaingia!"

"Mtani," Mama akamwambia mzee, "leo mnaangalia kama mimi. Na atakayenuna, kavunja utani."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Angefanya nini? Mtani hanuni. "Haya, tumekubali. Piga ngoma."

Ngoma ikapigwa. Watu wa ukumbini wakapiga mayowe. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke analia kwa kwikwi, karibu kabisa na kipaza sauti, na hatukujua ni yupi. Tukasogea mbele kwenye viti, kana kwamba kusogea kutasaidia. Ikaingia sabuni.

"Katoka nani?" mzee akauliza. Hakuna aliyemjibu. "Jamani, si binti wa Dakawa? Katoka nani?"

Fundi simu akashindwa kuvumilia. Akainuka, akanyoosha mkono kwenye kanga. Mama alikuwa bado kasimama pale, akaushika ule mkono.

"Kaa. Wewe ukiifunua utaona. Ya kwangu nani ataifunua?"

Akakaa. Mzee alitazama miguu yake. Mimi nililia, na sikujificha.

"Shikamoo, mama," fundi simu akasema taratibu, ingawa alishamwamkia wakati anaingia.

"Marahaba. Hao wenye kipindi wanapokea ujumbe wa sauti?"

"Wanapokea."

"Basi washa."

Tukarekodi mmoja mmoja. Mzee alianza na mtangazaji wake, Mama akamkatiza: hilo baadaye. Yeye alisema mwisho, pole pole, kama anayeagiza dukani. "Hamjambo. Mimi naitwa mama wa Kihonda, Morogoro. Sioni. Matokeo yasomwe kwa sauti, jina kwa jina. Nitawaambia kila Jumapili mpaka myasome."

Hawajajibu mpaka leo, ingawa Mama anawatumia ujumbe kila Jumapili. Hapa kwetu runinga inafunikwa kila wiki ngoma ikikaribia, na fundi simu anatoka nje na simu yake, anayatafuta matokeo, anarudi kusimama mlangoni. Sote tunasikia kwa pamoja. Jumapili iliyopita aliyavuta majina kama yule mtangazaji wetu, na alipofika kwa binti wa Dakawa, kwamba kapita, Mama ndiye aliyeruka wa kwanza. Alimkumbatia mzee kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka. Fundi simu alikuwa anacheka pale mlangoni, amejaa sifa.

"Sasa mama, ujumbe wa nini tena? Si nipo mimi?"

Mama alikuwa bado anahema kwa furaha. Akanyoosha mkono aletewe simu.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Washa. Kuna mwenzangu huko hana fundi simu sebuleni."