Mama Zipu na Uwanja wa Mabehewa

Ukitoka lango kuu la stesheni ukakata kushoto, utamkuta mwanamke amekaa kwenye stuli, begi la mtu mapajani, koleo mkononi, kipande cha mshumaa pembeni cha kulainishia meno ya zipu. Huyo ndiye Mama Zipu. Jina alilopewa na wazazi wake analo, lakini ukiliulizia pale stesheni watu watakutolea macho. Abiria aliyepasukiwa na begi wakati treni inakaribia kuondoka hukimbilia kwake amekumbatia nguo zake kifuani, naye humwambia, "Tulia, mwanangu. Treni ina honi, ikitaka kwenda itasema." Mimi nauza miwani ya kusomea. Meza yangu inatazamana na stuli yake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona, na mengine alinisimulia mwenyewe.

Nyuma ya stesheni palikuwa na uwanja wa mabehewa yaliyokufa, magugu yameota hadi kwenye viti. Baraza la mji, ambalo ndilo lenye ardhi ile, likaamua pajengwe nyumba za kupangisha, maduka chini yake, zahanati, na njia ya miguu hadi kwenye jukwaa la treni, ili mtu ashuke ngazi za kwake na kupanda treni kwenda kazini bila kuhangaika na gari. Ardhi ingebaki ya umma, ila ilitakiwa kampuni ya kujenga na kuendesha. Zabuni ikatangazwa. Sisi wenye meza ndogo ndogo tulijua nani angefagiliwa kwanza, maana njia ile ingepita tulipokaa, tukapiga kelele hadi baraza likakubali tuwe na mtu wetu ndani ya kamati ya kuchagua. Tukamtaja Mama Zipu, kwa sababu si mwoga na si mropokaji.

Yeye akashika kichwa. "Jamani, mnanitafutia nini? Mimi kazi yangu zipu!"

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Wakizidisha maneno, utawafunga."

Siku ya kwanza alirudi amenywea. Kikao kilikuwa kwenye chumba cha ghorofa ya juu, feni inalia kama inasaga mahindi, michoro imetandazwa meza nzima. "Ndugu yangu," akaniambia, "nimeitazama ile michoro kama mbuzi anavyotazama gari. Mistari mitupu. Kesho naomba kutoka."

Hakutoka, na sababu ni mhandisi wa reli, bwana mmoja mrefu asiyecheka ovyo, ambaye sisi tulimwita Nguzo. Naye alikuwa mjumbe. Asubuhi yake alikuja stesheni kabla hajaingia ofisini, michoro kwapani. "Mama, njoo tutembee kidogo." Wakaingia kwenye magugu. Akatandaza karatasi chini, akaigandamiza kwa vipande vya matofali, akaigeuza hadi ikaelekea upande uleule wa reli. "Ukuta ule pale ndio mstari huu mnene. Hapa ulipokatika ni mlango. Wewe unakaa hapa." Mama Zipu akapiga magoti, akafuatisha kwa kidole, kisha akacheka kwa sauti.

"Kumbe ni kama ngozi ya begi kabla sijaishona! Imelala bapa, lakini ukijua inakunjwa wapi, begi unaliona."

"Enhee," Nguzo akasema. "Umeshamaliza darasa."

Hakuwa amemaliza; bwana yule alirudi tena na tena, bila kuombwa, bila kumfanya ajione mjinga. Mama Zipu akimtaja hadi leo huweka mkono kifuani.

Mchujo ukaendelea hadi zikabaki kampuni mbili, na hapo moyo ukamlipuka. Moja ndiyo aliyofanyia kazi mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, msimamizi wa mafundi. Huyo kijana si mkwe wa jina tu. Mama Zipu alipovunjika mguu, ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumshusha ngazi kwenda hospitali, bila kununa hata siku moja. Na kazi zake zilikuwa za mbali. Nyumbani alionekana kwa nadra.

Binti akamwambia mamake, huku akikunja nguo za watoto, "Mama, mimi sikuombi kitu. Ila wakipata hapo, baba watoto atakuwa analala nyumbani."

"Mwanangu, usinichome moyo."

Kwenye kamati hakuna aliyejua habari hizo. Angeweza kunyamaza. Lakini kikao kilipofunguliwa alisimama, mkoba tayari begani. "Mwenyekiti, nina mkwe kwenye kampuni moja hapa. Kama ni kuondoka, niondoke sasa."

Mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akavua miwani. "Kaa, mama. Ulichofanya ndicho tunachotakiwa kufanya sote. Alama hutatoa, hilo halina mjadala. Lakini wenzako wa stesheni wasikose mdomo. Utaziuliza kampuni zote mbili swali moja, lilelile, mbele yetu, kisha utatupisha."

Mama Zipu akashusha mkoba, akakaa.

Swali lake lilikuwa hili: "Siku mtakapozungusha mabati kuanza ujenzi, sisi wenye meza tutakaa wapi hadi mmalize?"

Msemaji wa kampuni ya mkwe, kijana mtanashati, akatabasamu. "Mama, nyinyi tutawazingatia kikamilifu."

Mkurugenzi wa kampuni ya pili, mama mmoja mnene mwenye viatu vilivyojaa vumbi, alifunua makaratasi yake, akayafunika. "Sina jibu," akasema. "Nikikupa la hapa hapa nitakuwa nakudanganya."

Mwenyekiti akazipa zote mbili muda sawa zikalete jibu la maandishi. Kampuni ya kwanza ikaleta lilelile la kuzingatia, limepambwa zaidi. Yule mkurugenzi wa pili alikuja mwenyewe, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa mbele ya meza yangu, akauliza abiria wanashukia upande gani, mvua inapiga wapi, nani hawezi kukaa mbali na choo. Akapendekeza wajenge kwa awamu, na cha kwanza kabisa kiwe paa refu kandokando ya njia ya miguu, tuhamie hapo kabla bati hata moja halijasimama. Kamati ikatazama hilo pamoja na kodi za nyumba, uwezo wa kampuni na mengineyo, Mama Zipu akiwa nje kwenye benchi la korido. Kampuni ya pili ikashinda.

Sisi tulishangilia. Yeye alishika tama. Mkwe hakuwa amekanyaga kwake tangu mchujo uanze, naye alishajihukumu kwamba amempoteza.

Jumapili mlango ukagongwa. Mkwe, mke na watoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mimi, kwa kweli, sijui nianzie wapi…"

"Usianze popote, mama. Nilikaa mbali makusudi, usije ukasemwa. Bosi aliniuliza kwa nini sikukunong'oneza. Nikamwambia, yule ni mama yangu, si mlango wa nyuma."

"Na kazi ya karibu, je?"

"Itapatikana nyingine. Hii tungeipata, kila tofali ningelipanga watu wakisema nimebebwa."

Mama Zipu alilia mbele ya mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mguu ulipovunjika. Binti naye alikuwa na uchungu wake, sitaficha. Mumewe bado husafiri. Lakini siku hiyo ndiye aliyepika, akamtengea mamake wa kwanza.

Sasa tuko chini ya lile paa, na nyuma yetu ghorofa zinapanda. Siku ya kuhamia hapo, wakubwa walishukuriana kwa kipaza sauti hadi jua likawa kali. Walipoondoka, Mama Zipu alituagizia chai mstari mzima, na ya Nguzo na ya mwenyekiti akazipeleka mwenyewe ofisini kwao, thermosi mkononi, akipanda ngazi taratibu kwa ajili ya ule mguu. Aliporudi nikamuuliza amewaambia nini.

"Niseme nini tena? Nimewaambia asante, nikawamiminia."