Diski ya Naserian

Nakumbuka nilivyoingia Karatu, mwanangu, vumbi jekundu limenijaa hadi kwenye kope. Nilitoka Singida, nikapita Babati na Mbulu, nikavuna maharage Kansay, nikilala kwa yeyote aliyenikaribisha. Ujana, miguu haitulii. Nikapanga chumba nyuma ya duka la Elia, fundi kompyuta, Mchaga wa Rombo, nikawa namsaidia kazi ndogondogo.

Siku moja akaingia Naserian, binti wa wafugaji wa Olbalbal, amekumbatia kompyuta mpakato kama mtoto mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na sauti ya baba yake akibariki wajukuu. Mzee alikuwa ameshafariki, na nakala nyingine haikuwepo. Elia alipoiwasha, diski ikagonga: ka, ka, ka. Akaizima upesi.

"Tangu ianze kugonga umekuwa ukiiwasha?"

"Kila siku, fundi. Nilidhani itachoka kugoma."

"Dada, ng'ombe wenu akivunjika mguu, mnamcharaza atembee?"

Naserian akacheka huku machozi yanamlenga. "Hatuna wazimu sisi!"

Elia akatueleza kwamba ndani ya diski mna sahani inayong'aa kama kioo, na juu yake huelea vichwa vidogo vya kusomea. Hivyo ndivyo vilivyokufa. Akapata diski nyingine ya aina ileile, nzima, achukue vichwa vyake. Lakini akakataa kuifungua ya Naserian. Kilikuwa kiangazi, na chembe moja ya vumbi la Karatu ingetosha kuikwaruza sahani. Tukangoja mvua.

Iliponyesha na vumbi kulala, Naserian akarudi, tukapiga deki, tukafunga madirisha, Elia akaingiza mikono kwenye sanduku la kioo alilolitengeneza mwenyewe. Mimi nilishika tochi. Mwanangu, nimesimama ukingoni Ngorongoro ukungu ukifunuka, lakini sikushika pumzi kama pale, nikitazama vidole vinene vikihamisha vitu vidogo kama punje za ulezi, bila kutetemeka.

Diski ikazunguka kimya. Majina ya mafaili yakatokea.

"Fungua asikie kidogo tu," nikasema.

"Acha, dogo! Vichwa hivi ni vya kuazima, sijui vitaishi hadi lini. Tunahamisha kwanza, kusikiliza baadaye."

Naserian alisimama, mkono mdomoni. Faili la mzee likahamia. Tulipoanza mengine, diski ikagonga, ikafa kabisa.

Elia akafungua nakala. Sauti ya mzee ikajaa duka zima, akibariki kwa Kimaasai, na watoto wakiitikia, "Naai," yaani Ee Mungu. Naserian akaitikia nao. Nami nikajikuta naitikia.

Basi nisikilize. Unachokipenda kikianza kulalamika, usikilazimishe. Kitulize, umtafute anayekijua. Na ukipata nafasi usiyojua itadumu hadi lini, okoa kwanza, ufurahi baadaye.

Siku niliyoondoka Karatu nisirudi tena, nilipanda lori la Loliondo, na mkobani sikuwa na kitu kizito kuliko hayo. Mungu akutulize mikono, mwanangu, na kila boma utakalofika likupokee kwa maziwa.