Bakuli la Maonjo

Joram Wahome ni mtu wa kusema ukweli, lakini kuna jambo moja alilokuwa akilikosea kila siku ya Mungu. Ungemkuta saa nane mchana, mafuta yanamng'aa midomoni, ukamuuliza kama amekula, naye angekujibu bila kupepesa macho: "Sijatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi." Na wala hakuwa anadanganya. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Joram amechoma nyama Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, na mbavu zake zimewahi kupatanisha mashemeji waliokuwa hawasalimiani. Mchoma nyama hufanya kazi wima. Anaitoa nyama jikoni, anaiweka kwenye ubao mbele ya mteja, anakata, na kabla ya kukata zaidi anaonja kipande kujua kama kimeiva. Kisha anaonja cha karibu na mfupa. Akija mteja mwingine, anaanza upya. Halafu kuna zile kingo zilizoungua, ambazo wateja huzisukuma kando. Hizo Joram alizipenda kupita kiasi. Kwake yote hayo yalikuwa kazi. Chakula ni kile mtu anachokikalia kiti, na yeye alikalia kiti jioni tu, nyumbani, mbele ya ugali mweupe na mchuzi. Mboga alizisogeza ukingoni mwa sahani.

Sasa, cheka ukitaka. Mkewe Gathoni aliuza mboga hatua thelathini kutoka kwenye jiko lile. Managu, terere, sukuma wiki, zote mbichi, zimefika alfajiri. Nusu ya Kitengela ilikula mboga za Gathoni, na mume wake alikuwa katika ile nusu nyingine.

Miaka mitatu iliyopita Joram alianza kuona damu chooni. Tumbo nalo lilikuwa likifunga siku tatu, siku nne. Alinyamaza. Mambo ya choo mwanamume wa miaka arobaini na tisa anamwambia nani? Tena kulikuwa na habari ya kaka yake, Mugo, aliyekufa na miaka hamsini na mmoja kwa kile ambacho familia mpaka leo inakiita "tumbo" tu. Joram alimkumbuka Mugo alivyokonda, na kila alipomkumbuka alizidi kufunga mdomo, akajiambia ni bawasiri, ugonjwa wa watu wanaosimama sana.

Kilichomuumbua ni beseni. Gathoni alirudi nyumbani mapema akamkuta uani, mikono imejaa povu, anafua chupi zake.

"Baba Ciku," alisema, "tangu tuoane hujawahi kufua hata soksi. Hii ni nini?"

"Ni piles tu. Watu wa kazi yetu wote wako nayo."

"Hata Mugo alisema ni piles."

Joram alilisukuma lile beseni kwa mguu, akakubali kwenda kupimwa, kwa sharti moja: wasiende Kitengela, ambako kila mtu anamjua. Waende Kisaju.

Basi wakaenda Kisaju, katika zahanati ndogo ya watu wasiowajua, na nyuma ya meza ya tabibu wakamkuta Soipan, binti wa Mzee Kuntai. Kuntai ni mfanyabiashara wa ng'ombe, na hakuna Jumamosi anayokosa kwenye ubao wa Joram. Joram nusura ageuke mlangoni. Gathoni alikuwa amesimama nyuma yake, na Gathoni si mtu wa kupitwa mlangoni.

Soipan aliuliza yote, bila aibu na bila haraka. Alipofika kwenye chakula, Joram alisema, "Nyama mimi sili sana, daktari. Naichoma tu."

Soipan aliweka kalamu chini. "Mzee, mimi nimekula kwako tangu nikiwa Standard Three. Hebu nikuombe kitu. Kesho weka bakuli kando ya ubao. Chenye ungeonja, usikile, tia huko. Jioni upime na mizani yako mwenyewe. Lakini hii damu haingoji bakuli. Barua ya kwenda kwa kamera ya kuangalia utumbo nakuandikia sasa hivi."

Joram aliondoka akiwa na hakika atamthibitishia msichana huyu kwamba ni vipande viwili vitatu. Kesho yake mkono ulimsaliti tangu asubuhi. Ulikuwa unakwenda mdomoni wenyewe, naye anaukamata njiani, anaushusha kwenye bakuli. Saa sita kitako cha bakuli hakionekani tena. Saa tisa alilazimika kutafuta sufuria. Jioni aliumwaga mzigo wote kwenye mizani, ile ambayo haijawahi kumpunja mteja hata mmoja, akaisoma. Kilo moja na robo. Na hapo alikuwa bado hajala.

Alimwita Gathoni aje aone. Hakucheka. Aliuliza tu, "Hii ni ya leo peke yake?"

"Ya leo," Joram akasema. Aliogopa siku hiyo kuliko siku aliyoona damu.

Barua ilimpeleka Kajiado, na Kajiado wakampeleka Nairobi, kwenye hospitali yenye kamera ya utumbo. Siku moja kabla, mtu huyu aliyeshibisha mji alinyweshwa dawa ya kuharisha lita baada ya lita, akakaa chooni akimlaani Soipan na ukoo wake wote. Walimkuta na vinundu vitatu kwenye utumbo mpana. Wakavikata vyote palepale. Kimoja, maabara ilisema, kilikuwa kimeshaanza kubadilika, ingawa hakijawa saratani. Arudi baada ya miaka mitatu, waone kama vimeota tena.

"Ni nyama imenifanyia hivi?" alimuuliza Soipan.

"Siwezi kuapa ni nyama pekee. Ya Mugo pia inahesabika, ndiyo maana lazima urudi kamera. Nyama nyingi kila siku, na mboga hakuna, huongeza hatari. Damu ya ukoo huwezi kubadilisha. Sahani unaweza."

Joram ni mtu wa kazi, akaigeuza kuwa kazi. Bakuli halikuondoka kando ya ubao. Kingo zilizoungua zikaenda kwa mbwa. Kila siku saa saba alikalia kiti na sahani ya githeri na managu, na kinyama kidogo pembeni. Wateja walimtania mpaka wakachoka: "Mchoma nyama amegeuka mbuzi!" Naye akawajibu, "Mbuzi hafungi choo," akawatilia mboga za Gathoni kwenye kila sinia, watake wasitake. Sasa wanazidai. Tumbo lake lilitulia kabla ya mwaka kwisha, lakini hofu haikutulia. Kila alipopitisha siku ya kumbukumbu ya Mugo, alijiuliza kama vile vinundu vinaota kimyakimya.

Mwezi jana miaka mitatu ilitimia. Akanywa tena ile dawa, safari hii bila kumlaani mtu. Daktari alimwonyesha picha mwenyewe: utumbo safi kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna kinundu hata kimoja. Joram aliomba aonyeshwe tena. Kisha akalia, na nani wa kumlaumu? Alikuwa na miaka hamsini na miwili, umri ambao Mugo hakuufikia.

Jumamosi alirudi kazini akamkuta Kuntai amesimama upande wa ndani wa ubao, kisu mkononi.

"Sopa, Joram!" alimsalimu kwa Kimaasai.

"Epa. Hicho kisu ni changu, mzee."

"Leo si chako. Kaa chini. Mama Ciku ametuambia utumbo ni safi. Miaka yote umenikatia, leo mimi nakukatia."

Wateja wakamsogezea kiti, kiti cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia tangu afungue kibanda kile. Kuntai akakata vipande vinne, vibaya kweli, akavipanga. Gathoni akavuka zile hatua thelathini na ugali na sufuria ya managu, akapakua mpaka nyama ikafichika. Joram alikula taratibu, kibanda kizima kikimtazama, akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Umekula, Baba Ciku?" Gathoni akauliza.

"Nimekula, Mama Ciku," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Niongeze mboga."