Netta Akataa Kushuka

Netta Vroemen alikuwa na miaka sabini na sita daktari alipomwambia kwamba kumbukumbu zake zimeanza kumtoka. Alimsikiliza hadi mwisho, akafunga vifungo vya koti lake, akauliza, "Zinatoka haraka au polepole?"

"Polepole, mama."

"Vizuri. Haraka sijawahi kuipenda."

Haya nilisimuliwa na Hub, mumewe, tumesimama nyuma ya nyumba yake mbele ya banda la njiwa. Sisi ni majirani wa ukuta kwa ukuta pale Kerkrade, Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Njiwa wake wa mashindano nawafahamu mmoja mmoja, lakini hata siku moja hakuwahi kuniachia niwalishe. Kwa hiyo Ijumaa ile ya mwezi wa tano, aliponipa ufunguo wa banda na kuniambia niwatazame kwa wiki nzima, nikajua kuna jambo.

"Mnakwenda wapi?"

"Ujerumani, Ubelgiji, Luksemburgi, Ujerumani tena kidogo, halafu tunarudi kwa kupitia Ubelgiji. Kwa basi."

"La watalii?"

"Watalii gani, jirani! Haya haya ya kawaida, ya wanafunzi na kina mama wanaotoka sokoni. Netta hataki treni. Anasema treni inakupitisha kijijini hata jina lake hujalisoma."

Chanzo cha yote kilikuwa barua. Binti yao, Marjo, ni mkuu wa shule, mtu wa kupanga mambo na mambo yakapangika. Alikuwa amemtafutia mama yake chumba katika nyumba ya wazee, aingie Jumatatu ya pili kutoka Ijumaa ile. Baba angekwenda kumwona kila siku. Marjo hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amemkuta mama yake mara mbili jiko linawaka na sufuria halina kitu. Lakini Netta mwenyewe hakuulizwa. Aliipata habari kwenye barua, tena barua yenyewe ilikuwa imeandikiwa Marjo, naye akaisahau mezani kwao.

Netta akaisoma mara tatu, mezani, kahawa ikipoa. Kisha akaigeuza, akachukua kalamu, na upande ule mweupe akaandika majina ya miji: Monschau, Sankt Vith, Clervaux, Trier, Bastogne, Liège.

"Hub, hii miji tumeisikia kwenye redio maisha yetu yote. Iko hapo tu. Tumewahi kufika?"

"Hatujawahi."

"Kwa nini?"

Hub aliingia mgodini akiwa na miaka kumi na sita, na migodi ilipofungwa akaenda karakana ya mabasi, akalala chini ya mabasi miaka thelathini na moja, amepakaa mafuta hadi masikioni. Netta naye alishona mapazia ya watu. Likizo zao zilikuwa za njiwa na za kupaka nyumba rangi.

Waliondoka Jumamosi asubuhi, kila mtu na begi lake dogo. Saa nne Marjo akafika na sufuria la supu, akakuta karatasi mlangoni: "Tumeondoka. Tunarudi Jumamosi ijayo. Polisi usiwasumbue, vitambulisho na dawa tunavyo. Mama." Akaja kwangu mbio.

"Ulijua?"

"Nililetewa ufunguo wa njiwa tu," nikasema, na ulikuwa nusu ya ukweli.

Alipiga simu papo hapo. Netta akapokea, na sauti yake niliisikia hadi pale nilipokuwa.

"Mama, uko wapi?"

"Kwenye basi."

"Basi gani? La kwenda wapi?"

"Subiri nimuulize dereva... Anasema linakwenda mbele."

Marjo akakata simu, akakaa kwenye ngazi zangu na ile supu yake mapajani. "Sikio la kufa halisikii dawa," akaniambia. Jioni alimrudishia mama yake maneno hayo hayo kwa simu, na Netta akamjibu, "Basi liache life likiangalia dirishani."

Kweli aliangalia. Hub anasema siku za mwanzo hakulala hata kidogo ndani ya basi. Walipita misitu na malisho, basi likisimama kila penye nyumba tatu. Monschau walikula nyama na haradali kali hadi machozi yakawatoka, wakacheka kama wanafunzi waliotoroka shule. Jumapili mabasi yalikuwa machache, wakakaa juu ya ukuta wa mto siku nzima. Jumatatu wakavuka mpaka kuingia Ubelgiji, na Sankt Vith wakamkuta mzee mmoja mwenye lahaja inayofanana na ya kwetu, akawabishia habari za njiwa hadi basi likawaacha. Walilingoja jingine kwa saa mbili. Netta akasema hizo zilikuwa saa mbili bora za juma lile, kwa sababu hakuna aliyemwambia apumzike.

Usahaulifu ulikuwepo. Sitaki kumpamba. Clervaux, walipolala usiku wa Jumanne, aliamka akadhani wako hospitali. Hub akamshika mkono, akamwambia mahali walipo, na yeye akasema, "Luksemburgi? Sisi? Haiwezekani!" akafurahi upya kana kwamba ndiyo kwanza wafike.

Jumatano, Trier, mambo yakaharibika. Hub aliingia msalani karibu na soko, akamwachia Netta mabegi yote mawili. Alipotoka akakuta mabegi peke yake. Aliuliza kwa mwenye samaki, akauliza kwa muuza maua, akazunguka uwanja mara nne huku goti lake bovu likiwaka moto. Dakika arobaini. Mwishowe akakaa chini kwenye mawe, mzee wa miaka sabini na nane, akalia hadharani.

Basi la mjini likasimama mbele yake. Mlango ukafunguka, na kwenye kiti cha kwanza kabisa, ubavuni mwa dereva, alikuwa amekaa Netta.

"Huyo hapo!" akamwambia dereva. "Mwenye kofia ya buluu. Sikukwambia?"

Alikuwa amepanda basi kwa kuwa lilikuwa basi, na tangu Jumamosi walikuwa wanapanda mabasi. Alipogundua Hub hayumo, akaenda mbele akamwambia dereva, mama wa makamo, "Nimesahau ninaposhuka, lakini sijasahau kwamba nina mume. Zunguka tu mpaka tumwone." Dereva akazunguka njia yake yote, na abiria nao wakachungulia madirishani.

Netta akashuka, akamtazama mumewe pale chini. "Mbona umekaa kwenye mawe? Utapata baridi."

Yeye aliliona jambo limekwisha. Kwa Hub halikuwa limekwisha. Jioni ile, Netta akiwa anaoga, akampigia simu Marjo, akamweleza kila kitu, na kusema maneno ambayo hadi leo anayajutia: "Njoo utuchukue."

Asubuhi Marjo alikuwa mbele ya nyumba ya wageni na gari lake. Hub akatia begi lake nyuma ya gari bila kuinua uso. Netta akamtazama yeye, akamtazama binti yake, akaelewa. Hakupiga kelele. Alichukua begi lake, akavuka barabara hadi kituo cha basi, akakaa kwenye benchi.

Marjo akamfuata. "Mama, jana ulipotea."

"Dakika arobaini. Wewe ulipokuwa na miaka kumi na saba ulipotea siku mbili na yule mpiga ngoma wa mji wa Genk. Nani alikutafutia chumba cha kukufungia?"

"Mama, hilo si sawa na hili!"

"Kweli si sawa. Mimi nilirudi na mume wangu, wewe ulirudi na chawa."

Kina mama wawili waliokuwa wakingoja basi wakageuka kando wafiche vicheko. Marjo hakucheka. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri, nywele hazijachanwa, na ghafla yule mkuu wa shule akawa binti anayelia kwenye kituo cha basi cha watu.

"Naogopa, mama. Ukipotea kweli je? Ukianguka mtoni?"

Netta akamvuta akakaa naye benchini, akamfuta uso kwa ncha ya skafu yake. "Ogopa. Mimi pia naogopa, kila asubuhi, kabla sijajua niko wapi. Lakini woga wako usiugeuze uwe kufuli langu. Uliniandikia maisha yangu kwenye barua, mwanangu, na barua hukunipa. Nilinde, sikatai. Lakini niulize kwanza."

"Sasa nakuuliza. Twende nyumbani."

"Sasa nakujibu. Siendi. Nina Bastogne, nina Liège, halafu nyumbani Jumamosi kama nilivyoandika."

Basi la Luksemburgi likatokea kwenye kona. Hub alikuwa bado amesimama kando ya gari. Ananiambia kwamba miguu ilikuwa mizito kuliko siku ya kwanza alipoteremka mgodini. Netta hakumwita. Alisimama, akapanga foleni nyuma ya wale kina mama, mgongo umenyooka.

"Fungua buti, Marjo," Hub akasema.

"Baba, wewe ndiye uliyenipigia!"

"Nilikosea. Nilishikwa na woga nikaufanya uwe shauri. Fungua buti."

Hakufungua. Hub akalifungua mwenyewe, akatoa begi. Marjo akashika mpini, baba akashika mkanda, wakavutana pale barabarani mtu na bintiye, dereva akiwaangalia huku ameshika mlango wazi. "Wazee, tunaondoka au tunacheza?" akauliza. Marjo akaachia. Hub akapanda akihema, akakaa karibu na mkewe, na mkewe akaangalia dirishani vijiji vitatu vizima, kisha akamgeukia.

"Usinifanyie tena."

"Sitakufanyia."

"Na nikisahau kwamba ulinifanyia, usishukuru Mungu. Nikumbushe."

Marjo alilifuata basi lile kwa gari hadi mpakani. Aliniambia mwenyewe baadaye, kwa aibu kidogo: basi likisimama, naye anasimama, likienda, anakwenda, kama mwizi. Kwenye daraja la mpakani akapiga honi mara mbili, akageuza.

Siku zilizobaki hazikuwa rahisi. Bastogne mvua iliwanyeshea hadi viatu vikafanya kelele. Goti la Hub likavimba, akawa anapanda mabasi kwa kusukumwa na mkewe kutoka nyuma, "Haya, gunia la viazi, panda!" Liège, Netta alimsahau mumewe jina kwa nusu saa, akawa anamwita "bwana," akamgawia chipsi zake kwa heshima ya mgeni. Hub akazila. Jumamosi saa kumi na moja walishuka kituo cha mtaani kwetu, wamechoka, wananuka vitambaa vya viti vya basi.

Jumatatu Netta akavaa gauni la kanisani, akaenda na Hub na Marjo kwenye ile nyumba ya wazee. Safari hii Marjo alimwachia mama yake aseme. Mama msimamizi akaonya kwamba chumba kikiachwa atapewa mwingine.

"Mpe, tena leo," Netta akasema. "Yeye ameulizwa?"

Alikaa nyumbani kwake miaka miwili na miezi minne zaidi. Jiko la gesi likaondolewa likawekwa la umeme linalojizima, Marjo akawa analala kwao Jumanne na Alhamisi, nami nikajifunza kuchungulia kila Netta anapotoka. Mwaka uliofuata walikwenda tena kwa mabasi, siku tatu, na Marjo ndiye aliyewachapishia ratiba. Netta akaingia kwenye nyumba ya wazee siku alipokuwa hajui tena mlango wa chooni ni upi, na hata hapo Hub na Marjo waliketi naye wakamuuliza, na akatikisa kichwa kukubali.

Wapo mtaani wanaomlaumu Hub. Juzi mmoja alimwambia mbele za watu, tukiwa mkahawani, kwamba kumzungusha mgonjwa nchi nne ulikuwa ukatili, na tena ujinga, maana bibi yule hakumbuki hata kijiji kimoja.

Hub akaweka kikombe chini. "Angekaa ndani ile wiki angeikumbuka?"

Yule mtu akakoroga kahawa yake.

"Basi usiniambie habari za kukumbuka. Aliiona. Ilikuwa wiki yake, na aliila yote."

Akachukua kofia yake, akatuaga, akaenda kumlisha mkewe chakula cha mchana.